Pesa ya Kuambiwa Hapana

Kwenye kauntabuku letu la matumizi ya nyumbani, ukurasa wa mwezi wa pili mwaka jana, kuna mstari nilioandika kwa hasira mpaka wino ukatokea upande wa pili: Gari ambalo hatukununua, 100,000. Chini yake, wiki mbili baadaye, upo mwingine: Gari jingine ambalo hatukununua, 100,000. Mstari wa tatu haupo. Huo usiokuwepo ndio uliotuumiza, na mimi ndiye niliyekataa kuuandika.

Tunaishi Goba, upande wa bondeni, ukishaiacha lami na kuteremka kama dakika kumi kwa miguu. Mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Same baada ya goti lake la kulia kukataa milima ya kwao, naye akakuta kwetu pia kuna mlima. Kliniki yake iko Taasisi ya Mifupa, Muhimbili. Siku ya kliniki tuliamka saa kumi alfajiri. Bajaji mpaka lami, daladala, kisha daladala nyingine. Ngazi ya kwanza ya daladala iko juu, na mguu usiokunjika hauna ujanja mbele yake. Asubuhi moja tulisimama kituoni mpaka magari manne yakapita, mimi nikimsukuma kwa nyuma, konda akimvuta mkono kwa juu, abiria wakihimiza waondoke. Gari la tano lilipokuja mama alinishika bega, akasema, "Basi, mwanangu. Leo turudi." Tulirudi. Jioni ile mume wangu hakugusa chakula, na kabla hatujalala tulikuwa tumekubaliana kununua gari.

Tulikuwa na milioni kumi na moja na laki tano. Mgao wangu wa kikoba wa miaka mitatu ulikuwemo humo, akiba ya mume wangu, na milioni mbili alizotoa mama mwenyewe kwa kuuza ng'ombe wake wawili aliowaacha Same. Nataka ng'ombe hao wakumbukwe, maana kila nilipozihesabu fedha zile niliwaona.

Kwa fedha hizo hununui gari jipya. Unanunua lililotembea Japani kwanza, ambako nao wanaendesha kushoto kama sisi na usukani uko kulia, kisha likatembea hapa mikononi mwa mtu mmoja au watatu. Mtaani tunayataja kwa herufi ya pleti: hili namba C, lile namba D, yule kanunua namba E. Binti yetu wa kwanza, ambaye husoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa unga, ndiye aliyetuambia kwamba herufi ile inasema gari lilisajiliwa nchini lini tu. Umri wake ni habari nyingine. Alituonyesha kwenye gari la jirani: mwaka ulioandikwa kwenye kadi, na chini kabisa ya mkanda wa kiti kilebo cha kitambaa chenye tarehe mkanda ulipotengenezwa. Hivyo viwili vikipishana sana, uliza.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alijitolea kutafuta. Alikuwa na dalali wake, na dalali alikuwa na fundi wake ambaye angelitazama gari kwa jicho, bure kabisa. Nikamuuliza, "Shemeji, huyo fundi jioni anakula nini?" Akacheka, akasema tusiwe watu wa kushuku kila mtu. Lakini nimekaa mjini miaka ya kutosha kujua kwamba fundi wa bure analipwa na mtu, na kama mtu huyo si mimi, basi ni dalali kutoka kwenye cha juu chake. Sikutaka macho ya kukodiwa na upande wa pili. Mwalimu mwenzangu alinipa namba ya fundi wa Kinondoni ambaye hauzi magari, hana gereji yenye magari ya kuuza, na hutoza laki moja kulipima gari, ulinunue usilinunue. Mume wangu alivuta pumzi, akakubali.

Fundi yule ni mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Alikuja na begi la mgongoni: tochi, mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, na kipande cha gunia cha kulalia chini ya gari. La kwanza lilikuwa IST ya rangi ya fedha, Sinza, limeoshwa na kupakwa dawa ya matairi mpaka unajiona. Kabla hajamsalimia mwenye gari, fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha pale kidogo. Kisha akasalimia, akalizunguka gari mara moja, akatuvuta pembeni.

"Injini ina moto. Huyu kaliwasha kabla hatujafika. Turudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na msimwambie kwa nini."

Tulirudi. Gari lilikuwa baridi kwa umande. Alipoliwasha, moshi wa bluu ulitoka nyuma, mwepesi, ukakaa hewani kama wa ubani, kisha ukaisha. Kama ungefika saa nne na kulikuta linaunguruma usingeuona kamwe. Alinieleza pale pale, nami nikaandika nyuma ya risiti. Moshi wa bluu ni oili inaungua ndani ya injini. Mweusi ni mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Mweupe kidogo asubuhi si neno, ni unyevu wa kwenye bomba. Lakini mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni maji yameingia yasikotakiwa. Injini ya lile IST ilikuwa inakula oili. Akasema hapana, akapokea laki yake, akapanda bodaboda.

La pili lilikuwa Raum, Tabata. Ndani lilinukia marashi, na binti yangu alisema linanukia kama harusi. Fundi hakufungua hata boneti. Alikaa kiti cha mbele, akauvuta mkanda, akauvuta tena, akauvuta mpaka mwisho kabisa, sehemu ambayo hakuna mtu huifikia. Pale palikuwa na mstari wa udongo uliokauka, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Akaenda nyuma, akainua zulia, akatoa tairi la akiba. Chini yake mlikuwa na tope laini lililokauka na kupasuka kama sakafu ya bwawa wakati wa kiangazi. Akarudi, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha. Taa zote za dashibodi zikawaka, isipokuwa ya mifuko ya hewa.

"Ile inatakiwa iwake, kisha izime," alisema. "Ikiwaka isizime, ina tatizo. Isipowaka kabisa, mtu kaing'oa ili usione tatizo."

Gari lilikuwa limezama. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa magari yanazama wapi. Sote tumeliona bonde la Jangwani likiwa ziwa. Ubaya wa gari la mafuriko ni kwamba linaweza kuwaka vizuri leo na mwezi ujao. Maji yalishaingia kwenye soketi za waya na kwenye kompyuta yake, na kutu inakula polepole mahali pasipoonekana, mpaka siku linakuzimikia katikati ya barabara na hakuna fundi anayejua aanzie wapi. Hapana ya pili. Laki ya pili.

Usiku ule tulikaa sebuleni, na mama mkwe, ambaye hajawahi kuingilia fedha zetu, aliuliza taratibu, "Wanangu, hizi laki mbili tunamlipa mtu atuambie hapana?"

Sikuwa na jibu. Ukinunua shati baya, angalau una shati. Laki mbili zile hazikuacha hata msumari wa kumwonyesha mgeni. Zilikuwa karibu gunia zima la mchele, na kwenye kauntabuku zilionekana kama tumezitupa mtoni. Nilimwona mama anahesabu kimoyomoyo, nikajua anahesabu kwa ng'ombe: mguu mmoja umekwenda. Leo ningemwambia, mama, tumenunua milioni ishirini za kutokulia. Siku ile nilinyamaza, na ndani ya ukimya wangu niliapa kwamba laki ya tatu haitoki.

Ndipo likaja Spacio.

Mwenyewe alikuwa mtu wa jumuiya yetu. Tumesali naye, tumezika naye, tumekula pilau nyumbani kwake mtoto wake alipopata kipaimara. Aliposikia tunahangaika akamwambia mume wangu, chukua hili langu, milioni kumi na laki nane, wewe si mtu wa kando. Mume wangu alirudi nyumbani uso umefunguka. Alipofika kwenye suala la fundi alisita, akaniangalia.

"Utampelekaje fundi kwa mtu mnayepeana naye amani kila Jumapili?" aliuliza. Lakini aliuliza kweli, akingoja jibu. Naamini kama ningesema "mpeleke", angempeleka, na aibu yake angeimeza.

Nikasema, "Baba watoto, tusipoteze laki nyingine."

Hayo ni maneno yangu, na nimeyarudia moyoni mara nyingi. Nilikuwa nimechoka kulipia hapana. Nilitaka kulipia kitu chenye magurudumu. Na ule undugu wa kanisani ulinipa mlango mzuri wa kupitia: badala ya kuitwa bahili, niliweza kuitwa mtu mwenye kuamini watu.

Binti yetu hakuridhika. Alifanya alichoweza bila fedha. Alilinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Alitazama kama pleti ile inadaiwa faini za trafiki. Alihakiki bima. Jina la kwenye kadi lilikuwa la yule yule tuliyepeana naye amani. Karatasi zote zilikuwa safi, na zilisema ukweli wote ziliokuwa nao. Karatasi zinamjua mwenye gari. Hazijui kilichomo ndani ya injini.

Siku tunakwenda kulichukua tulilikuta uani limeshawashwa, linaunguruma kwa utaratibu. Nilidhani ni ukarimu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye ile boneti na mikono yangu nimeifumbata kwenye mkoba wa hela.

Wiki tatu zile zilikuwa nzuri, sitazikana. Mama alitandika kanga yake kiti cha mbele, akawa anakaa kama malkia, anaonyesha kwa kidole kila kanisa tunalolipita. Kliniki ya kwanza tulifika saa mbili kasoro, hakuna aliyemsukuma wala kumvuta. Tuliporudi alimbusu mwanawe mkononi, akamwombea kwa Kipare, na mume wangu akatoka nje kidogo.

Kliniki ya pili iliangukia Alhamisi, usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuwa tunakata kile kilima cha mwisho kabla ya lami, kwa gia ndogo, tairi zikitafuta pa kushika. Nilisikia harufu tamu, kama ya sharubati iliyoungua. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, mwingi, kioo cha mbele kikafunikwa. Mume wangu alizima gari, akavuta breki ya mkono, akafungua boneti, akachukua kitambaa, akapeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

Kijana wa bodaboda aliruka kutoka kwenye pikipiki yake akamdaka kiwiko. "Mzee, usifungue! Itakuunguza uso!"

Simjui jina kijana yule, na ningependa alijue deni letu. Maji ya kwenye rejeta yamefungiwa kwa shinikizo, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu hayana pa kutokea. Ukifungua mfuniko unayapa pa kutokea, na panapotokea ni pale uso wako ulipo. Nimekwisha kuona mtu mwenye makovu ya namna hiyo. Tungekuwa na gari bovu na baba kipofu.

Bodaboda wawili walimbeba mama wakamkalisha kwenye tofali chini ya mwembe. Saa mbili nzima alikaa pale, kanga ya kiti ameitandaza magotini, kliniki imeshapita. Aliuliza jambo moja tu: "Ni gari la yule wa jumuiya?" Mume wangu akajibu, "Ndiyo, mama." Hakuuliza tena.

Nilimpigia fundi wa Kinondoni. Alikuja mchana, akangoja injini ipoe kabisa, akafungua mfuniko wa oili, akaugeuza nikauona. Upande wa ndani ulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Oili imechanganyika na maji. Gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ndani ya rejeta mlikuwa na matope ya kahawia. Alichovya kidole, akayasugua kati ya vidole viwili, akasema ni dawa ya kuzibia, mtu aliimwaga humo ili gari litulie siku chache.

"Mlilipima kabla ya kununua?"

"Hapana."

Hakusema kitu. Alitandika gunia lake akaingia chini ya gari. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Kulivuta, gasketi, kupeleka hedi ikaskimiwe maana ilikuwa imepinda kwa joto, rejeta iliyotumika kutoka Gerezani, pampu ya maji, oili mara mbili kwa sababu ya kwanza ni ya kusafishia tu, na ufundi: milioni moja na laki tatu na elfu thelathini. Nilikopa kikoba, na kikoba kina riba.

Mume wangu alikwenda kwa yule bwana peke yake, jioni. Nilimwandalia maneno makali aende nayo. Alirudi nayo yote. Alikaa kitandani akavua viatu polepole. "Amesema wao walikuwa wanajaza maji kila asubuhi. Amesema alidhani tutauliza."

Niliwaka moto. Nilitaka kwenda mwenyewe na kauntabuku mkononi. Mpwa wangu anayesomea sheria alitusomea Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, akatueleza kwa upole kwamba ulinzi mwingi wa ubora humo unamhusu muuzaji ambaye biashara yake ndiyo hiyo. Mtu binafsi anayekuuzia gari lake, kama hakukudanganya waziwazi, mzigo mkubwa uko kwako. Hakutudanganya waziwazi. Tulikuwa hatujamuuliza hata swali moja ambalo angelijibu uongo. Mpaka leo naona alifanya vibaya. Mtu anayemwona mama wa watu anapandishwa kwenye gari lile kuelekea mlimani alipaswa kufungua kinywa bila kuulizwa. Jumapili iliyofuata mume wangu alimpa mkono wa amani. Mimi niligeukia upande wa pili, na sijajua kama nilikosea.

Gari lilipona. Lilipanda kile kilima miezi minane bila kulalamika. Lakini mkopo ulikuwa unadai, na mwezi wa kumi na mbili tukakubaliana tuuze, tulipe deni, tutafute dogo zaidi. Kijana alikuja Jumamosi jioni, anataka kuliingiza kwenye teksi za mtandaoni. Alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke kidogo, akaingia ndani akakaa chini ya picha ya ndoa yetu. Nilimwekea mezani risiti zote za matengenezo, nikamweleza kuhusu gasketi tangu mwanzo, sikuacha kitu. Alisikiliza nusu. Alishaweka bahasha mapajani.

"Mama, ninyi ni watu wa heshima, naona. Tuandikiane tu."

"Lete fundi kwanza," nilimwambia.

Akatabasamu kwa haya. "Fundi ni laki moja, mama. Nikitoa hiyo nitapungukiwa."

Mume wangu alinyoosha mkono kuelekea mfukoni. Najua alitaka kumpa. Nikamzuia kwa macho, maana fundi tukimlipa sisi atakuwa wetu. Nikamwambia kijana, "Tunakupunguzia laki moja kwenye bei. Itumie kumlipa fundi wako mwenyewe, tusiyemjua. Akisema hapana, hutudai na hatukudai."

Alitutazama mmoja mmoja, kama anatafuta mtego uko wapi. Mama mkwe alimmiminia chai, akamsogezea chapati. "Msikilize mwanangu," alimwambia. "Hapana nayo inanunuliwa."

Alisema atamleta kesho saa moja asubuhi. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama aliamka kabla yetu, akavaa, na nilipotoka na ufunguo wa gari kumpeleka misa ya kwanza nilimkuta kizingitini ameshaita bajaji. Nilimsaidia kuinua ule mguu. Alinisukuma mkono wenye ufunguo, akasema wasilikute lina moto.

Fundi wa kijana alifika saa moja na robo, mtu mfupi mwenye ovaroli ya buluu. Hakutusalimia kwanza. Aliweka kiganja juu ya boneti, kwenye umande.